Vitanda vya Nyumba ya Ziwani

Nahimba, Mtwara
14 Machi 2002

Mdogo wangu Mauricio,

Ukiona mwandiko huu usishtuke, hakuna msiba. Sisi huku wazima. Shemeji yako Sudi bado anasumbuliwa na goti, lakini shambani anakwenda, na akishinda nyumbani siku mbili mfululizo mimi ndiye ninayeumwa. Zainabu wetu ameolewa Chuno, anauza vitenge barazani kwake, na Desemba alijifungua mtoto wa kiume. Kwa hiyo wewe sasa ni babu, ujue hivyo. Shafii yuko darasa la saba. Mvua zimenyesha vizuri, ziwa limepanda mpaka kwenye mipunga. Huko kwako wifi yangu Mama Bernardino hajambo? Watoto wanakua? Barua yako ya mwisho ina miaka mitatu sasa, tena ilikuwa ya mistari minne.

Ninachoandikia ni nyumba. Ile nyumba ya ziwani imepata mtu. Anaitwa Bwana Emmanueli, mwenyeji wa Songea, alifanya kazi melini miaka mingi halafu akachoka na maji ya chumvi. Kijiji kimempangisha, anataka kuifanya hoteli. Si hoteli kubwa, vyumba sita tu, kwa wageni wanaotaka kukaa kimya na kutazama ndege na viboko. Watu hapa wamecheka sana. Sudi anasema mtu anayelipa ili akoromewe na kiboko inafaa apimwe kichwa.

Lakini kazi imeanza. Kwanza walitoa popo. Kinyesi chao kilitolewa kwa matoroli wiki nzima, na watu wakakigombania kwenda kukiweka bustanini. Kisha wakakwangua ukuta wa chumba kikubwa, na chini ya chokaa iliyopakwa wakati nyumba ilipokuwa ghala la korosho, zikatokea herufi za Mwalimu Lukasi. A, E, I, O, U, kila moja kubwa kama sinia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilishindwa kuingia.

Bwana Emmanueli anamwuliza kila mtu nyumba hii ilikuwa nini zamani. Wazee wanamweleza habari za mzungu wa mkonge aliyeijenga, wanaishia hapo. Vijana wanaijua kama ghala. Sisi watoto tuliovushwa mto kutoka Msumbiji wakati wa vita vya Wareno hakuna anayetutaja. Mimi nakumbuka mengi, lakini wewe kichwa chako kinashika kuliko changu. Niandikie unayoyakumbuka, nimpelekee.

Barua hii ameibeba Josephu, yule anayevusha sabuni.

Dada yako,
Luisa


Palma, Msumbiji
9 Juni 2002

Dada Luisa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia mwezi uliopita, Josephu alikwama kwa sababu ya mto. Hongera kwa mjukuu. Sisi wazima. Bernardino amenipita kimo, anajifunza useremala kwangu na wala haupendi. Muhogo wa mwaka huu nusu wamekula nguruwe. Mama Bernardino anakusalimu sana.

Kuhusu nyumba. Nakumbuka sakafu nyekundu, ilivyokuwa baridi sikioni mtu akilalia ubavu. Nakumbuka sisi wavulana tulilala upande wa madirishani. Nakumbuka uji wa mahindi ya njano. Nakumbuka Mwalimu Lukasi akitufundisha kuhesabu kwa kutumia viboko waliokuwa majini, na wakizama hesabu inaharibika, tunaanza upya. Hayo mpelekee Bwana Emmanueli.

Nakumbuka pia siku Mama alipotuacha pale, lakini hiyo si habari ya wageni wa hoteli. Nilikuwa na miaka sita, wewe kumi. Alisema anarudi kuwabebea wapiganaji mizigo, tumngoje hapohapo, tusiende na mtu yeyote. Neno hilo wewe umezeeka nalo. Mimi nililishika mpaka mwaka 1994, wakati vita vya Wareno vimekwisha zamani, na vile vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, na wenzetu wote wanafunga mizigo kurudi kwao. Nikasema, mtu asiyekuja anatafutwa. Ukaniambia maneno, nami nikakujibu maneno. Nilikuambia ubaki na nyumba yako ya popo. Sasa hata popo wamehamishwa.

Nimemtafuta hapa Palma, nimemtafuta Mosimboa, Mueda, mpaka Pemba. Hakuna anayemjua. Usiniulize tena.

Mauricio


Nahimba
20 Agosti 2002

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu zako na tunazirudisha mara mbili. Sudi amemaliza kupuliza salfa, mikorosho imetoa maua mengi, na macho yake ni mekundu kama ya mlevi. Mjukuu ameota meno.

Sikukuuliza, Mauricio. Isome tena barua yangu. Hakuna mahali nilipokuuliza habari za Mama.

Sasa nikupe habari ya kufurahisha. Nimepata kazi. Nilikwenda na kumbukumbu zako kwa Bwana Emmanueli, nikamkuta chumba kikubwa anapima madirisha. Nikamweleza yote, habari za uji, viboko na Mwalimu Lukasi. Akaniuliza, "Mlikuwa wengi?"

"Wengi. Kila wiki walikuja wengine."

"Mlikuwa mnalala wapi?"

"Hapo uliposimama."

Akasogea kando taratibu, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe. Akautazama ukuta wenye herufi kwa muda mrefu, kisha akamwambia fundi rangi, "Huu uache ulivyo." Siku hiyohiyo akaniuliza kama naweza kusimamia jiko na vyumba. Nikasema sijawahi kuiona hoteli kwa ndani. Akasema hata yeye aliziona akiwa amebeba mizigo ya watu.

Nyumba huijui tena. Bati lililotoboka limetolewa, wamerudisha vigae. Veranda inayotazama ziwa imepigwa sakafu upya, nyekundu vilevile, nilisisitiza. Kilichobaki ni vitanda. Alitaka kuviagiza Dar es Salaam. Nikamwambia nina mdogo wangu Palma, seremala, kitanda chake hata ukikihamisha nyumba tatu hakilii. Anataka sita, viwe tayari kabla ya Krismasi.

Nimekwisha kumwambia utakubali. Usinitie aibu.

Dada yako,
Luisa


Palma
30 Septemba 2002

Dada Luisa,

Shikamoo. Mimi nilikuwa nimekataa. Aliyekubali ni Mama Bernardino. Alisoma barua yako, akaikunja, akasema, "Mtu anakutafuta kwa miaka minane, akikosa njia anakuagiza vitanda, na bado unanuna?" Basi nitavitengeneza.

Mbao za hapa Palma hazifai, ni za kupigia masanduku. Nakwenda Nangade, nimesikia kuna wapasuaji wenye mbao nzuri za mkongo. Huko sijawahi kufika, ila nasikia kwa lori ni safari ya siku moja. Nikishapata mbao nitakuandikia. Nitumie vipimo vya milango, nisije nikatengeneza vitanda visivyopita.

Msalimie shemeji na goti lake.

Mauricio


Nahimba
15 Januari 2003

Mauricio,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Idi tulikula vizuri, na Krismasi niliwakumbuka. Korosho zimetoka chache kuliko maua yalivyotuahidi. Shafii amefaulu kwenda sekondari, baba yake amewaambia mpaka watu asiowajua.

Vipimo vya milango nilikutumia Oktoba. Krismasi imepita. Vyumba sita vimepakwa chokaa, vina vyandarua na mapazia, na katikati ni patupu. Bwana Emmanueli hasemi kitu, ila kila asubuhi ananiuliza, "Josephu amefika?" Mimi ndiye niliyekusifia. Ninampenda mtu huyu kwa subira yake, lakini najua ina mwisho. Andika hata neno moja.

Luisa


Nahimba
27 Machi 2003

Mauricio,

Josephu amepita. Nimemwuliza habari zako, akasema fundi hajambo, amenawiri, lakini hapatikani tena Palma, yuko Nangade. Anasema alikuona kwenye uwanja wa mwanamke mmoja ukimpasulia kuni, na kwamba wenyeji wamezoea kukuona hapo, mwezi hadi mwezi.

Kama umeoa mke wa pili sema. Mimi si mtu wa kukuhukumu, ila ningependa kumjua wifi yangu kabla ya Josephu kumjua. Na kama mbao za hoteli zimejenga nyumba ya mtu, hilo nitakuhukumu.

Huku wazima.

Luisa


Palma
11 Mei 2003

Dada,

Shikamoo. Sijaoa. Barua yako ilifika mimi sipo, Bernardino akamsomea mama yake, na siku niliyorudi nilijipakulia chakula mwenyewe.

Vitanda viwili vimekwisha. Mbao za vinne bado zinakauka. Mwambie Bwana Emmanueli kwamba mbao mbichi hupinda, na asinione mwongo, mvua za mwaka huu zilinicheleweshea kila kitu. Bei haibadiliki.

Nina maswali, na nakuomba unijibu bila kuniuliza sababu. Kile kiangazi cha surua pale kwenye nyumba, kilikuwa mwaka gani? Mimi nakumbuka joto la homa tu, na mgongo wa mtu. Watoto wengi walikufa? Sisi tulikuwa wapi? Unakumbuka mtu yeyote kutoka ng'ambo aliyepita siku zile?

La mwisho. Kama mtu amekukosea bila kujua kwamba anakukosea, na miaka mingi imepita, wewe huwa unalipokeaje? Namwulizia mtu mwingine.

Mauricio


Nahimba
2 Juni 2003

Mdogo wangu,

Mjukuu anatembea, Sudi anachechemea, kwa hiyo wanakwenda sawasawa. Mipunga tumevuna kidogo, ziwa limeshuka mapema.

Nakujibu kama ulivyoomba. Ilikuwa mwaka 1970. Surua iliingia na watoto wapya na ikapita chumba kizima. Walikufa wengi, wadogo hasa, wakazikwa kule kwenye miembe ya misheni, makaburi yao yapo na yanafyekewa. Wewe ulikuwa wa kufa. Mama alisema tusiende na mtu yeyote, lakini Bi Mwanahamisi, mkunga wa kijiji, Mungu amrehemu, alikuja akakutazama, akakubeba mgongoni bila kumwomba mtu ruhusa. Nikamfuata nyuma. Tulikaa kwake mpaka mvua zilipoanza. Ndivyo ulivyopona, na ndivyo nilivyomjua mwanawe Sudi, ambaye siku zile alikuwa ananiibia karanga zangu. Mtu aliyepita kwenye nyumba wakati huo asingetuona. Angekuta chumba nusu kitupu na makaburi mabichi.

Umeniuliza nalipokeaje kosa. Inategemea. Lakini kwa kuwa tumefika hapo, kuna jambo nilikuficha. Mwaka 1999 nilimfanyia Mama hitma. Nilimwambia Sudi aite watu, tukasoma, tukala. Sikukuandikia, kwa sababu ulipoondoka nilikuambia unamwacha Mama aje akute mahali patupu, na miaka mitano baadaye ni mimi niliyemzika bila maiti. Nilichoka, Mauricio. Kila mwanamke mgeni aliyetokea kwenye njia ya ziwa nilikuwa naacha sufuria motoni natoka kumtazama. Nilitaka niweze kupika mpaka chakula kiive.

Sasa mimi nimesema. Huyo mtu mwingine ni nani?

Luisa


Palma
29 Juni 2003

Dada yangu Luisa,

Shikamoo. Mwite Sudi akae karibu, ndipo usome.

Mama yu hai. Yuko Nangade. Mwanamke niliyekuwa nampasulia kuni ni yeye.

Nakueleza tangu mwanzo. Oktoba nilifika kwa wapasuaji wa mbao. Palikuwa na mama mtu mzima aliyekuwa akiwapikia, mwembamba, mkali, anamgombeza kila mtu. Wakati wa kula wakaniuliza mbao ni za nini. Nikasema ni za vitanda vya hoteli, ng'ambo, kwenye nyumba ya ziwa Nahimba. Yule mama akaacha kupakua.

Akauliza, "Ile nyumba ya vigae? Bado imesimama?"

"Imesimama, Mama. Wanaitengeneza."

"Nilikuwa na watoto wawili pale. Walikufa kwa surua."

Nikamwuliza majina yao. Akasema, "Luisa. Na mdogo wake Mauricio."

Dada, niliweka sahani chini, nikaenda mpaka walipolaza magogo, nikakaa huko. Niliporudi nilimwuliza, "Uliwaona wamekufa?" Akasema hapana. Mpita njia mmoja aliyetoka ziwani alimwambia kwamba watoto wa nyumba ile wamekwisha, ameona makaburi yao, na alipotuulizia sisi kwa majina akaambiwa hatupo. Baada ya hapo Wareno wakamkamata na wenzake, wakawapeleka mbali kusini. Aliporudi, vita vimekwisha, akaolewa na mpasua mbao mmoja ambaye sasa ni marehemu. Wana binti, Sonia, ana miaka ishirini na nne. Ana sauti yako.

Nikamwambia mimi ni nani. Aliniambia niondoke, nisimchezee. Nilirudi siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne aliniuliza wimbo aliokuwa akikuimbia ulipokuwa hutaki kuoga, nikamwimbia, maana ulikuwa ukiniimbia mimi. Hapo akakaa chini. Akaugua wiki mbili, nikamwuguza.

Kwa nini sikukuandikia? Yeye alinikataza. Alisema, "Utamwambiaje Luisa? Kwamba mama yake aliamini neno la mpita njia, vita vikaisha, na hakuvuka hata kwenda kulitazama kaburi?" Na mimi pia nilikuwa na hasira. Nilikuacha wewe nikazunguka kumtafuta, naye alikuwa safari ya siku moja tu kutoka kwangu. Hasira ile niliimalizia kwenye kuni.

Nilimsomea barua yako ya Juni, mpaka habari ya hitma. Akasema, "Mwandikie."

Nitakuja kukuchukua mwezi wa Septemba, vitanda vikishakamilika. Mngoje kidogo tu.

Mdogo wako,
Mauricio


Nahimba
24 Agosti 2003

Mauricio,

Salamu utazikuta mwishoni. Umeniambia ningoje mpaka Septemba. Sikungoja. Nimekwenda na nimerudi.

Barua yako niliisoma mara moja, Sudi akaisoma mara tatu, akavaa viatu kabla yangu. Nikamwambia abaki, goti lake haliwezi mtumbwi. Nikaenda kwa Bwana Emmanueli. Alikuwa amepata wageni wake wa kwanza, watu wanne, wanafika Ijumaa. Nikamwambia mama yangu ameonekana, nakwenda, jiko atalishika Zainabu. Akasema, "Bi Luisa, wageni watalala wapi na vitanda hakuna?" Nikasema watandikiwe magodoro sakafuni, sisi tulilala hapo bila godoro na hatukufa. Kisha nikakumbuka waliokufa. Akaniambia, "Nenda. Usirudi mapema kwa ajili yangu."

Nilivukia Kitaya, nikapata lori la muhogo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali, nilikuwa nayo mengi na mazuri.

Nilimkuta uani anamenya muhogo. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, mwanangu, unatoka wapi?" Nikasema, "Nahimba." Hakuinua uso. Aliendelea kuumenya muhogo ule, maganda yalipokwisha akamenya nyama yake, mpaka ukabaki mzizi wa katikati mkononi. Sonia akatoka jikoni akamnyang'anya kisu.

Akasema, "Niliambiwa mmekufa."

"Najua. Mauricio ameniandikia."

"Sikuvuka kwenda kutazama."

"Kulikuwa na vita."

"Vita viliisha, Luisa."

Maneno yangu makali yalikuwa hapo, yangetosha. Nikamtazama miguu, ina nyufa kama yangu. Nikasema, "Na mimi nilikufanyia hitma ukiwa hai. Hata mimi sikuvuka kutazama."

Akaniuliza, "Watu walikula nini?"

"Wali na mbuzi."

"Mlinichinjia mbuzi?"

"Mbuzi wa Sudi. Dume, mnene."

Akasema, "Basi mlinizika vizuri," akaanza kucheka, nami nikacheka, Sonia akatutazama kama wendawazimu. Kulia kulikuja baadaye, na hakukuwa kwa muda mfupi.

Nilikaa siku nne. Tulipepeta, tulichota maji, alinitazama nikifunga khanga kama mtu anayejifunza. Nilimwambia aje. Akasema nyumba ile hataki kuingia. Nikasema kwangu ni ng'ambo ya mashamba ya mpunga, haihitaji kuipita. Akasema ataona.

Wageni walilala chini na wakapenda. Mmoja, mama wa Kimakonde kutoka Dar, ambaye nilimkuta bado yupo, alisimama mbele ya zile herufi akauliza ni za nani. Bwana Emmanueli akaniita nimweleze, na niliporudi jikoni akaniambia, "Kuanzia leo habari ya nyumba hii utaitoa wewe." Amemwagiza Josephu atangaze masoko yote ya ng'ambo, kwamba mwenye mtoto aliyewahi kuachwa Nahimba aje aulize, hatalipishwa kitu. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Mueda. Wake tulimkosa. Lakini alilala, akala, na kesho yake nikampeleka kwenye makaburi, akakaa huko mpaka aliporidhika. Sasa ninaandika majina wanayoniachia na kuyaulizia kwa wale wenzetu waliobaki huku. Wawili tumeshawapata, mmoja ni mwuza samaki Msimbati na mwingine mjini.

Leta vitanda, Mauricio. Huna tena kisingizio.

Sasa salamu: sote wazima.

Dada yako,
Luisa


Palma
14 Desemba 2003

Dada Luisa,

Shikamoo. Nimefika salama. Bernardino anasimulia safari kama vile yeye ndiye aliyebeba vitanda vyote, ingawa viwili tu alivishika, tena miguuni. Lakini ajabu, tangu tumerudi anaamka mapema anapiga randa bila kusukumwa. Nadhani ni yule Bwana Emmanueli alipompa mkono na kumwita fundi.

Sikukuambia nilipokuwa huko, kwa hiyo nakuambia sasa. Usiku ule mliponilaza chumba cha mwisho, kwenye kitanda changu mwenyewe, nilijinyoosha nikasikiliza kama kinalia. Hakikulia. Asubuhi nilifungua dirisha, viboko walikuwa majini, nikaanza kuwahesabu, wakazama. Mtu wa chumba cha jirani alinisikia nikicheka peke yangu. Nyumba ni nzuri, Dada. Nilikosea kuiita nyumba ya popo.

Nilipita Nangade kumpelekea Mama picha yenu mliyopiga nikiwa huko. Ameiegemeza kwenye kopo la chumvi. Sonia ameuliza mambo mengi kuhusu kazi ya vyumbani, nadhani ana nia, usimwambie kwamba nimekwambia. Mama amenikalisha chini niandike maneno yake. Anasema kwa Kimakonde, mimi nageuza. Kuanzia hapa ni yeye.

Luisa mwanangu,

Huyu ananiambia niseme polepole, mkono wake unachoka. Mbona randa haimchoshi.

Mimi mzima. Sonia mzima. Mvua imeanza, tumepanda. Nitakuja Januari, kabla mto haujajaa. Nitafikia kwako na kwa mkwe wangu. Nyumba ile nitaitazama kwa mbali kwanza, kisha nitajua. Makaburi ya watoto wa wenzangu nitakwenda, hilo usinizuie.

Kuna jambo linanisumbua tangu uondoke. Siku zile ulizokaa kwangu ulikula kila nilichokuwekea, ukasema ahsante, ukaosha sahani, kama mgeni mwenye adabu. Nilikuwa nakupikia sijui unapenda nini. Nilikumbuka ulipenda mayai ya kanga, lakini ulikuwa na miaka kumi. Mauricio namwuliza, anasema unapenda ming'oko ya kuchimba porini, Sonia anasema aliona unaimeza kwa taabu. Hawa wote wanabahatisha.

Sema wewe mwenyewe. Niandikie unapenda kula nini, nije nimekibeba.

Mama yako,
Filomena